Kabla hujasema injini imenoki

Injini iliyolala miaka mingi ikiwashwa italia. Hilo halina mjadala. Kinachoamua kama gari litarudi barabarani au litapimwa kwa kilo na wanunuzi wa chuma chakavu ni mtu aliyesimama mbele ya boneti siku hiyo, na subira aliyonayo kabla ya kutamka kwamba injini imenoki, yaani beringi zake za ndani zimelika na lazima ifunguliwe.

Nimeona magari mazuri yakiishia hivyo: Land Rover za mashamba ya mkonge, Volkswagen za walimu, Datsun za wastaafu. Gari linavutwa kutoka bandani, linapewa betri ya kuazima na petroli ya chupa, linapigwa stata mpaka liwake, na mlio wa kwanza ukitoka tu anatokea mtu wa kusema, "Hii basi tena, imenoki." Baada ya hapo hakuna anayesikiliza. Injini inafunguliwa na kutiwa kwenye viroba, fedha inaisha katikati, na gari linabaki juu ya matofali hadi wenye mizani wapite. Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye gari la baba au la babu lililofunikwa turubai nyuma ya nyumba, anayefikiria kuliwasha mwaka huu.

Gari ninalolizungumzia ni Peugeot 504 ya 1976 ya mjomba wangu. Lililala kwenye banda la mabati pale Ngamiani, Tanga, tangu 2007, macho ya mjomba yalipoanza kumsumbua na daktari akamkataza kuendesha. Injini yake ni ya kabureta, silinda 4, ujazo wa sentimita 1796, ya pushirodi (fimbo nyembamba zinazosukuma roka za valvu), yenye hedi, yaani kichwa cha injini, ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, nayo imelazwa ubavu kwa nyuzi 45 ndani ya boneti.

504 ilizinduliwa 1968, ikatangazwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa 1969, na zikatengenezwa zaidi ya milioni 3. Huku kwetu ndiyo iliyokuwa ikikimbiza abiria kati ya mji na mji kabla Hiace hazijashika njia, na pikapu zake zilibeba kila kitu, kuanzia kabichi za Lushoto hadi maiti za kurudishwa kijijini. Mjomba bado anaweza kukuhesabia bila kusita ushindi wa Peugeot kwenye Safari Rally: 1963, 1966, 1967 na 1968 kwa 404, kisha 1975 na 1978 kwa 504. Ule wa 1966 na 1967 anautaja kwa sauti ya juu zaidi, kwa sababu dereva, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa hapa Tanzania. Mwaka 1968 yalianza magari 93 yakamaliza 7, na lililotangulia lilikuwa 404. Injini ya 504 ni ya ukoo uleule. Sikubali kabisa kwamba injini ya ukoo huo inakufa kwa kulala. Inakufa kwa kuamshwa vibaya.

Fikiria kinachotokea gari likisimama. Oili yote inashuka taratibu kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, na baada ya miezi kadhaa kamshafti (shafti inayofungua valvu), roka (mikono inayozibonyeza valvu) na kuta za silinda zinabaki na utando mwembamba tu, kisha hata huo unakauka. Katika injini ya silinda 4 daima kuna valvu iliyosimama wazi, kwa hiyo silinda hiyo inavuta hewa ya nje, na hewa ya Tanga ina chumvi. Ringi za pistoni zinaanza kushikana na ukuta kwa kutu pale pale pistoni iliposimama. Petroli iliyoachwa kwenye tangi na kabureta inakauka na kuacha gundi ya rangi ya kahawia yenye harufu ya vanishi. Sili za mpira zinakakamaa. Pampu ya maji inashika kutu kwenye shafti. Panya wanatafuna waya na nyigu wanajenga ndani ya bomba la ekzosi. Kila kimoja kati ya hivi kina mlio wake siku ya kuwashwa, na sehemu kubwa ya milio hiyo haina uhusiano wowote na kunoki.

Kwa bahati njema, Tanga bado kuna mafundi waliokulia kwenye Peugeot. Nilimpigia simu mmoja ambaye alikuwa akilitengeneza gari hili hili mjomba alipokuwa bado analiendesha.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umeshalipiga stata?"

"Bado, mzee."

"Vizuri. Usiliguse mpaka nije. Na hiyo betri itoe kabisa, asije mtoto akazungusha ufunguo."

Alipofika hakuuliza habari ya betri. Aliomba pampu ya upepo. Plagi za injini hii zimezama ndani ya visima, na katika miaka yote hiyo visima hujaa vumbi, mchanga na mabaki ya wadudu. Ukifungua plagi bila kupuliza, uchafu wote unaangukia ndani ya silinda, na mlio utakaousikia baadaye utakuwa umeutengeneza mwenyewe. Alipuliza kila kisima, akafungua plagi, akamimina ndani ya kila silinda mchanganyiko kidogo wa oili nyepesi na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, akaziba matundu kwa vitambaa safi na kuaga. Kwa siku ile kazi ilikuwa imekwisha.

Asubuhi yake alichomeka hendeli kwa mbele na kuanza kuzungusha kwa mkono. Hiyo ni neema ya magari ya zama zile: mkono unahisi kitu ambacho stata haiwezi kukuambia. Kwanza injini ilikataa. Hakuongeza nguvu. Aliirudisha nyuma kidogo, akaileta mbele kidogo, nyuma tena, mpaka ringi zilipoachia, na injini ikazunguka mzunguko mzima. Mwenye haraka angeunga betri hapo, na stata ingezilazimisha ringi zilizoshikana na kutu. Ringi zikivunjika kweli utafungua injini, na utalaumu uzee wa gari.

Oili ya zamani ilimwagwa kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Alilegeza nati ya sampu kidogo tu, bila kuitoa, akaweka kopo la glasi chini yake. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama yamo yatakuwa yamekaa chini kabisa, na ndiyo yatakayotangulia kutoka. Injini hii ina slivu, yaani mirija ambamo pistoni hupita, zinazozungukwa na maji moja kwa moja, zilizokaa juu ya sili upande wa chini. Sili hizo zikichoka, maji ya rejeta yanavuja hadi kwenye sampu na kula beringi za krankishafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, huku gari limesimama kimya. Hilo lingekuwa jambo zito. Yalitoka matone machache ya unyevu, kisha ikafuata oili nyeusi tititi. Fundi aliinua kopo kwenye mwanga, akatikisa kichwa kukubali, ndipo akaitoa nati yote.

Tangi na kabureta sitavieleza kwa urefu. Tangi lilishushwa na kuoshwa, jeti za kabureta zilikuwa zimeziba kwa ile gundi, zikasafishwa. Oili mpya ya 20W-50, filta mpya, maji mapya.

Kisha akafanya jambo ambalo ningependa kila mwenye gari la zamani alishike. Alifungua swichi ya taa ya oili kwenye bloku na mahali pake akafunga geji ya presha. Plagi zikiwa bado nje, ili injini izunguke kwa wepesi bila mgandamizo, alipiga stata kwa vipindi vifupi na kupumzisha. Mshale ulikaa kwenye sifuri kwa muda wa kutia wasiwasi, halafu ukainuka na kutulia. Hapo ndipo tulipojua kwamba oili imefika kwenye beringi zote na inapanda hadi kwenye roka. Tulifungua kifuniko cha juu kuhakikisha, na kweli ilikuwa inachuruzika kwenye kila roka. Plagi zikarudishwa, petroli mpya ikamiminwa, na gari likawaka.

Lililia, na si kidogo. Mbele kulikuwa na mkwaruzo wa mnyororo. Juu kulikuwa na tapeti zinazogonga. Ubavuni kulikuwa na tak-tak kali, na chini kabisa mlio mzito uliofanya majirani wasogee kuangalia. Fundi hakuliacha kwenye sailensi, ule mzunguko wa chini wa injini isiyokanyagwa mafuta. Alilishika kwenye resi ya wastani, kwa sababu kamshafti ya injini ya aina hii inategemea pia oili inayorushwa na krankishafti, na kwenye sailensi inarushwa kidogo. Macho yake hayakutoka kwenye geji. Presha ilikuwa nzuri, na ilibaki nzuri hata injini ilipopata moto.

Presha nzuri ya oili injini ikiwa ya moto ni ushahidi mkubwa kwamba beringi bado zina maisha. Beringi zikilika, nafasi zinapanuka, oili inapita kirahisi, na presha inaporomoka kadiri oili inavyopata joto. Haitoshi peke yake kuisafisha injini na kila tuhuma, lakini mtu anayekuambia imenoki bila kuangalia geji anakisia.

Mkwaruzo wa mbele ulikwisha wenyewe ndani ya muda mfupi. Tenshena ya mnyororo wa taimingi kwenye injini hii inasaidiwa na presha ya oili. Ikiwa kavu mnyororo unacheza, ikijaa unatulia. Mlio mzito wa chini nao ulianza kufifia kadiri mshale wa joto ulivyopanda, na maji yalipofika joto la kazi ulikuwa umetoweka. Hizo zilikuwa pistoni. Zikiwa baridi zina nafasi zaidi ndani ya slivu, hivyo hugonga ukuta zinapobadilisha mwelekeo. Zikipata moto zinatanuka na kunyamaza. Konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankishafti) iliyolika haina tabia hiyo. Yenyewe huzidi injini inapopata moto, kwa sababu oili imekuwa nyepesi.

Jioni tulizima tukiwa na matumaini. Asubuhi tulipowasha kulikuwa na mlio mpya, mkubwa kuliko yote, na injini ilikuwa inamisi.

Ndipo alipofika kijana wa gereji ya jirani, fundi mzuri wa magari ya sasa na mwenye nia njema kabisa. Akasikiliza kidogo. "Mzee, shikamoo. Hii konrodi imekufa. Tushushe injini tu." Mjomba, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa banda, aliinamisha kichwa. Alikuwa ameshasikia maneno hayo yakisemwa juu ya magari ya rafiki zake.

Fundi wetu hakubishana naye. Alimpa kipande cha fimbo ya mti mgumu, akamwambia aweke ncha moja kwenye sampu na nyingine sikioni, kisha ahame: sampu, ubavu wa bloku, kifuniko cha mnyororo, kifuniko cha roka. Bisibisi ndefu inafanya kazi hiyohiyo, mradi uangalie feni na mikanda isikunase. Chini mlio ulikuwa wa mbali. Juu ya kifuniko cha roka, karibu na silinda ya tatu, ulikuwa unamgonga kijana sikioni.

Kisha akamwambia ahesabu. Kamshafti inazunguka nusu ya mwendo wa krankishafti. Kitu kinachogonga kwa kufuata kamshafti, yaani valvu, roka, pushirodi au pampu ya petroli inayosukumwa nayo, kitapiga mara moja katika kila mizunguko miwili ya puli ya mbele. Konrodi inafuata krankishafti yenyewe. Alama ya chaki kwenye puli na sailensi ya chini kabisa vinatosha kutambua tofauti. Huu ulikuwa wa kamshafti.

Hatua ya tatu ilikuwa kuchomoa waya za plagi, moja baada ya nyingine, kwa koleo lenye mpira. Ukikata moto kwenye silinda ambayo konrodi yake imelika, mlio unapungua sana, kwa kuwa hakuna tena mlipuko unaoikandamiza pistoni. Tulichomoa waya ya silinda ya tatu: mlio uleule, na injini haikubadilika hata kidogo. Maana yake silinda hiyo haikuwa ikifanya kazi tangu mwanzo. Kijana alinyamaza, akavuta kiti karibu. Tangu hapo hakuondoka mpaka kazi ilipokwisha, na nilimheshimu kwa hilo.

Kifuniko cha roka kilipotoka, jambo lilikuwa wazi. Roka ya valvu ya kuingizia ya silinda ya tatu ilikuwa inachezacheza kwa vidole, ina nafasi kubwa isiyo ya kawaida. Fundi aliichomoa pushirodi yake, akaifuta, akaomba kioo. Mjomba aliagiza kile kioo cha kunyolea kutoka chumbani. Kilipolazwa juu ya meza, fundi akaviringisha pushirodi juu yake kwa ncha ya kidole. Iliyonyooka inaviringika kimya na huoni mwanga chini yake. Hii iliyumba, ikagonga kioo tik, tik, na kila ikigeuka upande mmoja mstari mwembamba wa mwanga ulifunguka katikati na kufunga tena. Imepinda, kwa kiasi ambacho jicho peke yake lisingekiona.

Kwa nini ipinde usiku, gari likiwa limesimama? Fundi alieleza. Utando wa petroli ya zamani ulikuwa bado umeganda ndani ya manifoldi ya kuingizia. Petroli mpya ikauyeyusha siku ya kwanza na kuubeba mpaka kwenye shina la valvu. Injini ikiwa ya moto gundi hiyo ni laini na valvu inapita. Injini ikipoa usiku inakaza, na valvu inashikwa ndani ya gaidi yake, ule mrija unaoiongoza. Asubuhi kamshafti inaposukuma, valvu haisogei, na kilicho dhaifu zaidi katika mnyororo huo wa vyuma ndicho kinachopinda. Ikishasogea kidogo, springi inashindwa kuirudisha mpaka mwisho, valvu inabaki wazi, mgandamizo unatoroka, na ndiyo maana silinda ilikuwa inamisi.

Hatukufungua hedi. Hili nalirudia kwa sababu ndipo wengi wanapopoteza gari. Alipaka shina la valvu mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, akasubiri, akaligonga kwa nyundo ya mbao, pigo dogo dogo, huku akizungusha hendeli kuhakikisha pistoni iko chini na haiwezi kuguswa. Valvu ikashuka, ikarudi nusu, ikashuka tena. Aliendelea hivyo mpaka ilipokuwa inaruka juu yenyewe kwa nguvu ya springi. Akazifanyia nyingine zote vilevile, hata zilizoonekana nzima, na pushirodi zote zikapita juu ya kioo. Ya badala ilipatikana kwenye mabaki ya pikapu ya 504 huko Korogwe. Tulipopima mgandamizo, silinda zote 4 zilikuwa karibu sawa.

Tapeti, yaani nafasi kati ya roka na shina la valvu, zilifuata. Kwa injini hii ikiwa baridi, valvu ya kuingizia inawekwa milimita 0.10 na ya kutolea milimita 0.25. Kumbuka kwamba Peugeot wanahesabu silinda namba 1 kutoka upande wa flaiwili, yaani nyuma kwenye giaboksi. Fundi aliyezoea magari ya Japani ataanza mbele, kwenye rejeta, na kila kitu kitakachofuata kitakuwa kimepinduka. Utaratibu wao ni mzuri na haudai kukisia. Valvu ya kutolea ya silinda ya 1 ikiwa imefunguka kabisa, unarekebisha ya kuingizia ya 3 na ya kutolea ya 4. Ya kutolea ya 3 ikifunguka, unarekebisha ya kuingizia ya 4 na ya kutolea ya 2. Ikifunguka ya 4, unakwenda kwenye ya kuingizia ya 2 na ya kutolea ya 1. Mwisho ya 2 ikifunguka, unamaliza na ya kuingizia ya 1 na ya kutolea ya 3. Fila geji, kile kibati cha kupimia nafasi, ipite kwa kukwaruza kidogo, isilegee na isilazimishwe.

Wako watu wanaobana tapeti ili injini inyamaze, na mwenye gari anafurahi. Tafadhali usikubali. Valvu iliyobanwa haikai vizuri kwenye kiti chake injini ikipata moto, na kiti hicho ndiyo njia kuu ya joto kutoka kwenye valvu. Ya kutolea itaungua, na itaungua kimya kimya. Tapeti inayosikika kidogo ina nafuu kubwa kuliko iliyonyamazishwa kwa spana. Kama gari lako ni la aina inayorekebisha tapeti kwa presha ya oili, mambo ni tofauti: hizo huvuja zikilala, hugonga zikiwashwa, na mara nyingi hunyamaza zenyewe oili ikishajaa.

Ilibaki ile tak-tak kali ya ubavuni. Hii ndiyo inayodanganya kuliko zote, maana inafuata mwendo wa tapeti kabisa na inaongezeka ukipiga resi. Kijana alikuwa na hakika ni roka nyingine. Fundi alichukua kipande cha hozi ya mpira, akaweka ncha moja sikioni na kuipitisha nyingine taratibu kando ya manifoldi ya ekzosi bila kuigusa. Mahali pamoja kijana alipopewa hozi alishtuka na kurudisha kichwa nyuma. Palikuwa na mstari wa masizi meusi kwenye maungio. Moshi ulikuwa unapenya hapo kila silinda ile inapotoa. Ukitaka uhakika zaidi, injini ikiwa bado baridi mtu azibe kidogo kwa kitambaa bomba la nyuma, na mlio utapanda papo hapo. Gasketi mpya, nati zikakazwa, kwisha.

Milio ya vitu vilivyofungwa nje ya injini ndiyo rahisi kuliko yote, na huwa nashangaa watu wanaisahau. Legeza mkanda wa feni, uutoe, uwashe kwa muda mfupi tu. Kilichonyamaza kilikuwa pampu ya maji, alteneta au beringi ya puli. Kwetu pampu ya maji ilikuwa inang'orota, ikabadilishwa.

Jaribio la kweli lilikuwa mlima. Injini ikiwa haina mzigo inaweza kuficha beringi kubwa za krankishafti. Mlio wake ni mzito, wa chini kabisa, na hutoka unapoidai injini ivute ikiwa kwenye mzunguko wa chini. Tuliondoka Tanga kupitia Muheza, Segera na Korogwe, tukakata kona Mombo na kuanza kupanda Soni kuelekea Lushoto. Barabara ile inapinda na kupanda karibu njia nzima, na huwezi kupata karakana bora ya kusikiliza. Fundi alikaa mbele, vioo vimeshushwa, akaniambia nibaki na gia ya tatu pale ambapo mtu angeshuka ya pili.

Chini hakukusikika kitu. Kwenye kona moja kali karibu na Soni kulitokea mlio mwingine, mwembamba na wa haraka, kama kokoto ndani ya kopo la bati. Aliniambia niachie mafuta kidogo, ukakoma; nikakanyaga, ukarudi. "Hiyo ni moto unawahi," alisema. Plagi zilikuwa zinachoma mapema kabla pistoni haijawa mahali pake, na mgandamizo wa mzigo ulikuwa unaizidishia injini. Mlio huo hautoki kwenye chuma kilicholika, lakini ukiachwa utatoboa pistoni. Tulisimama penye uwazi, akalegeza distribyuta inayogawa moto kwa plagi, akaizungusha kiasi kidogo sana, akakaza. Hatukuusikia tena mpaka Lushoto sokoni.

Baada ya kilomita 500 tulimwaga ile oili mpya, ingawa ilikuwa bado na uhai. Oili ya kwanza baada ya usingizi inaosha kila kona na haifai kuachwa ndani. Filta aliikata kwa msumeno, akatandaza karatasi yake juu ya gazeti na kuipitisha sumaku. Chembe za rangi ya shaba au vumbi la fedha linalong'aa vingekuwa habari mbaya ya beringi. Ilikuwa na gundi nyeusi nyingi, na kwenye sumaku unyoya mwembamba wa chuma ambao alisema ni wa kawaida kwa ringi zinazokaa upya.

Kinacholia sasa ni beringi ya klachi: ukikanyaga pedali inalia, ukiachia inanyamaza. Hiyo inadai giaboksi ishushwe, na tumekubaliana ishushwe masika yakipita. Kijana wa gereji ameomba aifanye yeye, fundi mzee akisimamia. Mjomba hajali kelele hiyo. Anachotaka ni kupelekwa Pangani Jumapili, akae kiti cha mbele, na ameshasema oili ipimwe mbele yake kabla hatujaondoka.